Shikamoo Kutoka Mahali Patupu

Sehemu ya kumi na nne

Tulimwacha Mkaguzi Mkuu Kaijage katikati ya shamba la migomba la marehemu Byarugaba, pale Nyaishozi, mguu mmoja juu na mkono mmoja mbele, hatua mbili tu kutoka kwenye chombo cha anga ambacho hakuna jicho lililowahi kukiona. Mmekaa na mguu wake hewani wiki nzima, poleni sana. Sasa aushushe.

Akaushusha. Na hapo hewa iliyokuwa mbele yake, hewa tupu kabisa, ikamwambia kwa sauti nyororo ya mtoto aliyelelewa vizuri:

"Shikamoo."

"Marahaba," akajibu Kaijage.

Alijibu kabla ya kufikiri. Ana miaka hamsini na minane, thelathini kati ya hiyo ameitumia akiamkiwa ofisini, na mdomo wake hausubiri ruhusa ya kichwa. Kisha akaganda. Akatazama kushoto, migomba. Akatazama kulia, migomba. Akatabasamu taratibu.

Nyuma ya mti wa mbuni, Stephania akafumba macho. Fundi huyu wa kuchomelea vyuma amekijenga chombo kile kwa mikono yake kwa miaka sita, akakipa jina la Kimya, na sasa Kimya kimefungua mdomo.

"Bi Stephania," akaita Kaijage. "Toka huko uliko. Nimekipata."

"Umekiona, mzee?"

"Nimekisikia. Inatosha." Akatazama saa yake. "Saa tano na dakika arobaini. Tulianza saa tatu kamili. Kimejificha saa mbili na dakika arobaini, na sheria inataka saa tatu. Kengele ya mchana ya parokia ingelia kabla sijakipata, ungekuwa umeshinda. Zilibaki dakika ishirini tu, binti. Pole."

Ile pole ilikuwa na furaha ndani yake, na Stephania aliisikia.

Kaijage akavua koti, maana ushindi una joto lake, akalitundika nyuma yake bila hata kugeuka, kama mtu ambaye ofisini kwake msumari haujawahi kuhama. Akatoa fomu. Akatoa kalamu mbili, moja ya kuandikia na moja ya kuonekana mfukoni.

Kwa walioanza kusoma leo, na najua mpo, mnalisoma gazeti la jirani: Kaijage ametoka Ofisi ya Vyombo Visivyoonekana. Ni ofisi ya kweli katika hadithi hii, na wananchi wengi wameitafuta wasiione, kwa hiyo kazi yake inaijua. Kimya kikifaulu, kitapewa kibali cha kuruka. Kikishindwa, kitakatwa vipande leo hii, na mabati yake yatengenezwe mapipa ya kuhifadhia maharage.

Lakini si mabati yaliyomliza Stephania. Yeye alikuwa anamfikiria baba yake. Ukitaja jina la Byarugaba pale senta ya Nyaishozi, hadi leo kuna mtu atacheka. Ndiye yule mtu aliyejenga chombo kisichoonekana, akakiegesha shambani kwake mwenyewe, na asikipate tena mpaka anaingia kaburini. Kimya kikiruka, wangeacha kucheka. Kikishindwa, wangekuwa na vichekesho viwili.

"Mzee Kaijage," akasema, "nipe dakika tano nikifanyie uchunguzi."

"Uchunguzi wa nini? Kimeniamkia."

"Ndiyo kinachonishangaza. Nilishakifunga mdomo."

"Hakijafungika. Kifungu cha kwanza: jina la chombo." Akaanza kuandika.

Hapo akatokea Mama Xaveria, mama yake Stephania, na kigoda kwapani na kikapu kidogo cha kahawa mkononi. Alikuwa amesikia ile shikamoo akiwa jikoni na uso wake uling'aa kwa fahari.

"Mmemsikia?" akauliza. "Mmesikia alivyoitamka? Karibu ukae, Ta Kaijage. Mgeni haandiki chochote hapa kabla ya kutafuna kahawa."

"Mama, tumeshindwa mtihani," akasema Stephania.

"Kwa sababu ya adabu?"

"Ndiyo, mama. Kwa sababu ya adabu."

"Basi huo mtihani una matatizo," akasema Mama Xaveria, akamsogezea kigoda mkaguzi aliyemwita Ta, kama wazee wa kule wanavyoheshimiwa.

Kaijage akakaa. Ukipewa kahawa ya kutafuna nyumbani kwa mtu, hata ukiwa umekuja kumkatia chombo chake, unakaa. Akachukua punje mbili. Akachukua na nne nyingine.

Nisimame hapa kidogo. Dada mmoja wa Bugomora amenitumia ujumbe akisema chombo cha anga hakiwezi kuamkia mtu, na kwamba nimeishiwa. Dada, sijaishiwa. Chombo kinachokwenda mbali lazima kiwe na sauti ya kuzungumza na rubani wake, na sauti hiyo lazima ifundishwe na mtu. Stephania alikuwa hana muda, alikuwa anachomelea. Akamwachia mama yake. Na Mama Xaveria, kwa miaka miwili, kabla ya kukifundisha kuhesabu, kabla ya kukifundisha kushoto na kulia, alikifundisha kuamkia wakubwa. Umeridhika? Tuendelee.

"Kifungu cha pili," akasema Kaijage, "ubunifu. Kwa nini hakionekani?"

Stephania hakutaka kujibu, lakini hakuna fundi anayeweza kunyamaza akiulizwa kazi yake. "Ngozi yake imepakwa utomvu wa mgomba uliochanganywa na masizi ya maganda ya kahawa na unga wa kioo. Matabaka arobaini. Mwanga ukifika pale unateleza, unazunguka, unatokea upande wa pili. Wewe unaona migomba iliyo nyuma yake."

"Utomvu wa mgomba?"

"Umewahi kuutoa kwenye shati, mzee?"

Kaijage akafikiria mashati yake. Akaandika.

"Na joto? Huko juu mitambo inaona joto."

"Joto la injini halitoki nje. Linakaa chini, kwenye chumba kilichofunikwa majani makavu na udongo. Ni kama shimo la kuivishia ndizi. Juu unapita hujui kitu, chini kuna moto wa siku tano."

"Nani alibuni hilo?"

"Baba."

Kaijage akainua macho, akayashusha. Naye alishakisikia kile kichekesho, hata huko Muleba kwao kilifika.

"Kiliwahi kushindwa?"

"Mara moja, msimu wa senene," akadakia Mama Xaveria. "Panzi wale wakatua juu yake mwili mzima. Watu wa Ihanda wakaja na ndoo, wakawa wanachuma senene hewani kama wanachuma kwenye mti. Tulivuna ndoo tisa, Ta Kaijage. Walikuwa watamu."

"Mama, hilo si la kuandikwa."

"Nimeshaandika," akasema Kaijage, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akacheka kicheko cha kweli. Akachota kahawa tena. "Kifungu cha tatu: historia ya chombo. Kwa ufupi."

Kumwambia Mama Xaveria aseme kwa ufupi ni kujisumbua. Alikaa chini kwenye majani, akanyoosha miguu, akapanga khanga yake.

"Huyu ni wa pili," akasema. "Wa kwanza alijengwa na mume wangu. Byarugaba alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa kahawa, na kila mashine iliyokufa aliileta hapa. Ni miaka ishirini na mitatu sasa. Stephania alikuwa na miaka kumi na mmoja, ndiye aliyemshikia taa. Alipomaliza akaniita, akaniambia, 'Mama Stephania, tazama.' Nikamwambia sioni kitu. Akafurahi sana."

"Kisha kikapotea."

"Hakupotea. Alikuwa na adabu kupita kiasi. Byarugaba alimfundisha kuwapisha watu, ili mwanamke akija na mkungu kichwani asimgonge. Basi ukimsogelea, anasogea pembeni. Ukimfuata, anasogea tena. Mume wangu alizunguka shamba hili na mpini wa jembe akipapasa hewa, kila jioni, na majirani wamejaa njiani wanamtazama. Alipapasa miaka kumi na minne. Halafu akafa."

Kalamu ya Kaijage ikasimama.

"Wewe uliamini kipo?"

"Mvua ikinyesha, kuna mahali panabaki pakavu," akasema Mama Xaveria. "Ukubwa wa nyumba ya jiko. Mbuzi wangu wanapajua, wanakwenda kulala hapo. Leo pako karibu na mibuni, kesho pako karibu na choo. Nikisema, wananiambia nimezeeka. Masika ya mwaka huu pakavu hapakuwepo kabisa. Nilisikitika kama nimefiwa tena. Nikasema basi, ameondoka. Mvua za vuli zimekuja, na pakavu pamerudi."

Stephania alitazama ardhi. Hadithi ya pakavu alikuwa ameisikia mara mia, na mara zote mia aliitikia tu ili mama asiumie. Mwenyewe hakuiamini, na leo aibu ilimpanda.

"Fomu inauliza kama kilikuwa na sauti," akasema Kaijage, kwa upole sasa.

"Kilikuwa na sauti ya Byarugaba mwenyewe. Aliinasa kwenye kanda, kwa redio ile ya kaseti. Lakini chombo mwenyewe hakuwa msemaji. Alifundishwa ajibu akiamkiwa. Kuanza maongezi yeye, hapana."

"Sasa si mngemwamkia tu?"

Mama Xaveria akamtazama kama aliyeuliza kwa nini maji hayatafunwi. "Nani amwamkie? Baba yake? Mimi mama yake? Stephania alikuwa mkubwa kwake miaka kumi na mmoja. Wewe ungemwamkia mwanao, Ta Kaijage?"

Kaijage akawaza. Asingemwamkia. Afadhali angepapasa.

"Hapa nyumbani hakukuwa na mdogo wake," akamaliza Mama Xaveria.

Kimya kikatawala, na sisemi kile cha mabati. Zilibaki dakika saba kengele ilie. Kaijage akashuka hadi chini ya fomu, penye swali moja lenye nafasi ya kujaza: muda ambao ubunifu huu umeweza kujificha. Akaandika, akitamka kila neno kama anayesoma hukumu: saa mbili na dakika arobaini.

"Bado sahihi," akasema. "Nikishaweka, sina la kufanya, Bi Stephania. Nikwambie ukweli, leo naona uchungu. Ungeniletea chombo kisicho na adabu, ungefaulu."

Stephania akanyanyuka. Kama Kimya kilikuwa kinakatwa, alitaka angalau ajue ni fundo gani lililofunguka. Alikwenda mpaka alipojua upo mlango, akaweka kiganja juu ya ngozi isiyoonekana.

"Kimya."

"Naam, mama mdogo," ikajibu hewa. Mama Xaveria ndiye aliyekifundisha kumwita hivyo, maana mama mkubwa alikuwa yeye.

"Si nilikukataza kuwaamkia watu? Tangu yule mama wa sokoni aangushe ndizi zake?"

"Ulinikataza."

"Mbona umeamkia?"

"Sijamwamkia mtu."

"Umemwamkia Mzee Kaijage, sote tumekusikia."

"Yeye sijamwamkia," kikasema Kimya, na sauti ilikuwa na wasiwasi wa mtoto anayesema ukweli mbele ya wakubwa. "Alijibu tu. Mimi nilimwamkia aliye nyuma yake."

Kaijage akaacha kutafuna.

"Nyuma yangu hakuna mtu," akasema.

"Ndiyo, mzee. Si mtu. Ulinikataza watu, mama mdogo. Hukunikataza wenzangu. Chini yake kuna joto kama la kwangu, la shimo la ndizi. Ni mkubwa kuliko mimi, kwa hiyo nikaamkia."

Stephania akageuka taratibu. Na hapo akaona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yake karibu dakika ishirini nzima, na machozi ya mtihani yalikuwa yamemzuia kukiona.

Koti la Kaijage lilikuwa linaning'inia. Lilitulia vizuri, mabega sawa, mifuko chini, kama mita moja na nusu kutoka ardhini. Mgomba wa karibu ulikuwa mbali hatua nne. Hakukuwa na msumari, hakukuwa na tawi, hakukuwa na kamba.

"Mzee Kaijage," akasema Stephania, "koti lako umelitundika wapi?"

Kaijage akageuka. Alilitazama koti, na koti kama lilimtazama. Akafungua mdomo, punje ya kahawa ikamtoka.

"Mbona hakipishi?" akanong'ona. "Si mlisema kinapisha?"

Mama Xaveria ndiye aliyejua, maana ni mambo yake. "Ameamkiwa," akasema. "Mtu akiamkiwa husimama. Huwezi kuondoka salamu haijaisha. Alisimama ajibu, na wewe ukamjibia."

"Mimi?"

"Ulichukua marahaba ya mwenzio, Ta Kaijage. Amesimama hapo tangu saa ile anaingojea."

Mkaguzi Mkuu akajisikia vibaya kweli kweli. Katika kazi yake amewahi kuchelewesha vibali na kupoteza mafaili, na alilala usingizi. Lakini kumjibia mtu salamu yake, na mtu huyo yuko nyuma yako amesimama, hilo lilimgusa.

"Nifanyeje?" akauliza.

"Unyamaze," wakasema mama na binti kwa pamoja.

"Kimya," akasema Stephania. "Mwamkie tena. Pole pole."

Kuku wakaacha kuparua. Kaijage akaziba mdomo kwa kiganja, akaongeza na kiganja cha pili.

"Shikamoo," kikasema Kimya.

Mabega ya Kaijage yakatikisika. Neno lilikuwa limemfika kwenye meno, mtu ungeliona linavyosukuma. Miaka thelathini ya mazoea ilikuwa inapigana na viganja viwili. Akafumba macho, jasho likamtoka, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake aliiacha shikamoo impite.

Hakuna kilichojibu. Stephania akahesabu moja, mbili, tatu. Moyo wake ukaanza kushuka, akamwona baba yake na mpini wa jembe, akizisikia tena zile sauti za kucheka njiani.

Kisha koti likatikisika kidogo, kama aliyelivaa amevuta pumzi.

"Marahaba, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, yenye mikwaruzo ya kanda ya kaseti. Stephania hakuwa ameisikia kwa miaka tisa. Akakaa pale pale chini kwenye majani, akalia waziwazi kama mtoto, na hakuona aibu yoyote. Baba alikuwa hakudanganya. Baba alikuwa hakukosea hata kidogo, alikijenga kizuri mno hata mwenyewe akashindwa kukipata.

Mama Xaveria yeye hakulia. Alirekebisha kitambaa cha kichwani.

"Byarugaba," akasema, "umenikalisha sana nikikungoja."

Kaijage alikuwa ameokota fomu. Aliandika, maana ni mtumishi. Akakata mstari juu ya saa mbili na dakika arobaini. Akaanza kujaza upya, na kengele ya parokia ikaanza kulia akiwa katikati ya neno. Akamwonyesha Stephania. Muda ambao ubunifu huu umeweza kujificha: miaka ishirini na mitatu. Chini yake sahihi, kwa ile kalamu ya kuonekana mfukoni. Ubunifu ni mmoja, wa baba na wa binti, kwa hiyo Kimya kimefaulu.

"Hii nitaipitisha mwenyewe senta," akasema. "Dukani, kijiweni, wanapokaa wale wa kucheka. Nitawasomea."

Stephania alitaka kumshukuru. Hakupata nafasi, kwa sababu sauti ya baba yake iliendelea. Tulishaambiwa haianzi maongezi, ndiyo, lakini salamu ikishajibiwa maongezi yamefunguka.

"Mama Stephania," ikasema, "kahawa ipo? Nimetoka safari ya masika. Nimekuja na mgeni."

Wakatazamana wote watatu. Pale chini ya koti, hewa ikapasuka mstari mwembamba, mstari ukawa mlango, na ubaridi wa mahali pa mbali sana ukawapiga miguuni. Mlango ulilia kwa kutu. Ndani palikuwa na giza.

Mama Xaveria akachungulia kikapu. Hakikuwa na punje hata moja.

"Ta Kaijage," akasema bila kuondoa macho mlangoni, "zile ulizotia mfukoni zirudishe."

Kaijage akaanza kujipapasa. Na humo gizani, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye adabu kabla ya kubisha hodi kwa watu, kitu kikakohoa.